Wajina wa Mwalimu Karwirwa

Shule ya Msingi Kirangare,
S.L.P. Ishiara.
22 Mei 1994

Kwa Shangazi,

Pokea salamu zangu zikiwa na vumbi kidogo, maana huku kila kitu kina vumbi, hata chai. Mimi ni mzima. Nimepungua mwili, lakini usimwambie mama, atapanda gari kesho yake aniletee gunia la ndizi. Mwambie tu lile blanketi alilonifungia ni la Nkubu, si la Ishiara. Huku ukijifunika blanketi unaiva. Je, ng'ombe wako alizaa? Majani chai mnachuma?

Nakuandikia Kiswahili kama ulivyonizoesha nikiwa darasa la nne. Ukiona makosa, tafadhali usinirudishie barua ikiwa na wino mwekundu kama mwaka juzi.

Sasa nikuambie lililonipata. Nimepewa Darasa la Tano, watoto arobaini na sita, niwafundishe jiografia, historia na uraia. Wiki ya pili tulikuwa kwenye habari za raia mwema: kungoja zamu, kumsikiliza mwenzako, kuheshimu kila mtu. Nikauliza swali. Mvulana mmoja anayeitwa Njiru yuko dirishani anaangalia mbuzi. Nikamwita mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nikapaza sauti, "Njiru, wewe ni punda!"

Watoto wote wakageukia dirishani. Walikodoa macho kama watu walioona nyoka.

Kumbe nje ya dirisha alikuwa anapita mzee mmoja mrefu aliyekuja kukagua tangi la maji. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, ndiye babu ya yule mvulana, na jina lake ni Njiru. Akaingia darasani, akavua kofia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, umeniita?"

Shangazi, nilitamani ubao unifunike! Nikaanza kugugumia, "Hapana mzee, sikukuita wewe, nilikuwa namwita huyu." Akasema, "Huyu ni mimi." Na hakuwa anatania. Kwetu pia watoto hupewa majina ya wazee, lakini Wambeere hawa wa huku wanalishika jambo hilo hasa. Baba yake Njiru mdogo humwita mwanawe "baba", na sijasikia kwamba amewahi kumzaba kofi.

Nikamwomba mzee msamaha. Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuja kuangalia tangi tu. Aliyeitwa punda ni yule. Mwombe yeye." Basi mimi, mwalimu mzima, chaki mkononi, nikasema mbele ya wote, "Njiru, nimekukosea, nisamehe." Mtoto akamtazama babu yake, kisha akanijibu, "Sawa, mwalimu. Lakini kweli nilikuwa naangalia mbuzi." Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, mzee naye akaenda zake kwenye tangi.

Nilifikiri sasa watanidharau. Ajabu ni kwamba tangu siku hiyo nikiingia wanatulia kuliko zamani. Wewe uliyefundisha miaka mingi, niambie hilo linatokana na nini.

Mwanao,
Mutugi

Nkubu, Meru.
9 Juni 1994

Mutugi,

Barua yako ilifika imekunjwa kama sambusa. Nunua bahasha.

Hapa tuko. Mama yako hajambo, anauliza kama umepata kanisa au unalala Jumapili. Ng'ombe alizaa dume, kwa hivyo hatukusherehekea sana. Chai tunachuma. Mvua ni nzuri ila mgongo wangu si mzuri.

Kuhusu huyo mtoto na mbuzi zake. Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja, na sikumwomba mtoto msamaha hata siku moja. Mwalimu akikosea hunyamaza. Kesho yake anaingia darasani amevaa vizuri, anafungua kitabu ukurasa unaofuata, na kazi inaendelea. Wewe una miaka ishirini na minne, na humo darasani hakosi mmoja anayekaribia kunyoa ndevu. Ukianza kuomba msamaha, utaomba hadi lini? Watakupanda kichwani. Huyo mzee naye angekuita kando akuambie, si mbele ya watoto. Lakini wazee wa huko ndivyo walivyo.

Chemsha maji ya kunywa hata kama yanaonekana safi. Na kama wamekupa ile nyumba ya walimu ya upande wa mto, ikatae. Mvua ya Novemba ikija itakuvujia juu ya kitanda.

Shangazi yako,
Karwirwa

Kirangare, Ishiara.
3 Julai 1994

Kwa Shangazi,

Bahasha umeiona? Nilinunua kumi. Kanisa nimepata, mwambie mama, na juzi walinipa nisome somo la kwanza. Huku mtama umevunwa na mbuzi wameachiliwa mashambani wanakula mabua, kila mtu ana furaha isipokuwa mimi ninayewafukuza kwenye bustani ya shule.

Nyumba ya upande wa mto ndiyo niliyopewa. Na juu ya kitanda kuna alama ya maji, kubwa kama ungo. Sasa Shangazi, umejuaje? Nilisoma barua yako mara tatu. Najua ulifundisha Embu zamani, lakini nilidhani ni huko juu kwenye kahawa, si huku chini. Hujawahi kutaja Kirangare hata siku moja.

Jibu nimelipata bila wewe. Hebu sikiliza.

Watoto wangu walikuwa na matusi. Wa sokoni wanawaita wale wa wachoma makaa "masizi", nao wanawajibu kwa mambo ya mama zao ambayo siwezi kuandika. Nimewapigia kelele wee, hakuna kitu. Nikakumbuka yule mzee na tangi lake. Nikawaambia kila mmoja aende nyumbani akaulize vizuri ni jina la nani amepewa, alikuwa mtu wa namna gani, kisha asimame atueleze. Nikaweka sheria moja: ukitaka kumtukana mwenzako, kwanza nenda kwao ukamwambie hayo maneno mwenye jina, uso kwa uso. Kama mwenye jina amekufa, kawaambie wanawe. Shangazi, kimya! Hakuna hata mmoja aliyekwenda. Hedimasta alikuja kuchungulia akidhani nimewafungia nje.

Sasa, Jumatano akasimama msichana mmoja mwembamba, miaka kumi na moja, ana akili ya hesabu. Mimi nilikuwa nimezoea kumwita jina la ubatizo lililo kwenye rejista. Akasema, "Mimi naitwa Karwirwa. Ni jina la mwalimu wa mama yangu. Alikuwa Mmeru." Wenzake wakacheka, maana jina hilo halipo huku. Chaki ikaniponyoka, nikamwambia mwenye jina hilo ni shangazi yangu.

Kesho yake mama yake akaja, anaitwa Wambeti. Anauza ndengu sokoni Ishiara. Sokoni wanamwita Wambeti wa Saa, nafikiri kwa sababu anafika mapema kuliko wengine wote. Alinishika mkono akauliza, "Kwa hivyo wewe ni wa kwa kina Karwirwa. Yu hai?" Nikamwambia yu hai na ana ulimi mkali. Alicheka sana. Aliniambia ulimshonea gauni la bluu lenye kola nyeupe, na kwamba siku moja alipokuwa na malaria ulimpakia nyuma ya baiskeli hadi zahanati. Huyu binti ni wa tatu. Watu wa mumewe walitaka aitwe jina la dada yao kama desturi inavyotaka, na walinuniana mwaka mzima, lakini Wambeti akashikilia lako. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Muulize mwenyewe."

Nakuuliza, basi. Na tena nakualika. Tumepanga Siku ya Majina, Ijumaa tarehe 28 Oktoba. Kila mtoto ataleta wajina wake, au mtu wa kumsemea. Huku mwenye jina anatakiwa aje, amshike mtoto, amletee kitu hata kama ni kitana. Huyu wako hajawahi kushikwa. Utakuja, si ndiyo?

Mwanao,
Mutugi

Nkubu.
30 Julai 1994

Mutugi,

Mama yako amefurahi kuhusu kusoma kanisani. Baridi ya huku mwaka huu ni ya kukata masikio. Ndama amehara siku tatu lakini sasa ananyonya. Jino langu la nyuma limeng'olewa. Kiwanda kimetulipa chai kwa kuchelewa kama kawaida yao.

Kazi yako ya majina ni nzuri, ila angalia usisahau jiografia. Mtihani hautauliza nyanya ya nani aliitwa nani.

Shangazi yako,
Karwirwa

Huyo mtoto, umesema hesabu anaweza?

Kirangare, Ishiara.
15 Septemba 1994

Kwa Shangazi,

Nilifika salama, na muhula uko wiki ya pili. Ahsante kwa maparachichi uliyoniachia kwa mama, ingawa ningependa kuyapokea mkononi mwako. Nilikaa nyumbani siku tisa nzima mwezi wa Agosti. Siku niliyofika, mama akaniambia umeondoka asubuhi hiyo kwenda Maua kwa binti yako. Siku niliyopanda gari kurudi huku, nasikia ulirudi jioni. Hata mtoto wa nasari angeona hapo kuna jambo.

Hesabu anaweza. Ni wa pili darasani.

Wambeti ametenga mbuzi wa kukukaribisha, dume jeupe, hamfungi na wengine. Kila nikipita ananiambia, "Huyu ni wa mwalimu." Na mtoto ameanza kusumbuliwa. Wengine wamekwisha kuleta majibu: nyanya atakuja, babu atakuja, mjomba atasema kwa niaba ya marehemu. Yeye anasema, "Wangu yuko Meru, atakuja." Jana wakamwambia, "Huna wajina, mama yako aliokota jina barabarani." Hakulia. Aliniuliza mimi, "Mwalimu, ni kweli anajua nipo?"

Nilimjibu nini? Nilisema ndiyo, na sina hakika kama nilisema kweli. Shangazi, kama kuna ugonjwa uniambie, kama kuna ugomvi uniambie pia. Lakini usiniandikie habari za ndama.

Mutugi

Nkubu.
28 Septemba 1994

Mutugi,

Wote wazima. Haya mengine nitayasema mara moja tu, maana nimeyaandika mara nne na kuyachana.

Nilifundisha Kirangare kuanzia 1973 hadi 1975. Shule ilikuwa na saa moja ya mkono, mali ya shule, na mwalimu wa zamu ndiye aliyeibeba ili kengele ipigwe kwa wakati. Juni 1974 zamu ilikuwa yangu, na saa ikapotea. Nilimwambia hedimasta niliiacha mezani ofisini. Nilikuwa na hakika kabisa. Aliyefagia ofisi asubuhi hiyo alikuwa Wambeti, wa darasa la sita, miaka kumi na miwili. Hakuna mwingine aliyeingia.

Alikana. Nikamwambia anadanganya. Sikumpiga. Nilimsimamisha chini ya bendera, nikaipanga shule nzima mstari mmoja, nikasema leo tunajifunza uraia. Kila mtoto akapita mbele yake akasema, "Mwizi ni adui wa nchi." Watoto mia mbili na kumi. Wadogo zake wawili walikuwa kwenye mstari, nao wakasema. Nilisimama kando nikiwahesabu. Niliona ni somo zuri sana, Mutugi. Nilisikitika kwamba mkaguzi hakuwepo kuliona.

Kesho yake hakuja shule. Hakuja tena kabisa.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napiga pasi koti langu la kanisa, nikahisi kitu kigumu chini. Mfuko ulikuwa umetoboka na saa imeingia ndani ya bitana. Niliichana bitana kwa wembe, nikaitoa. Nilikaa kitandani, kile kitanda chako cha chini ya alama ya maji, hadi makaa ya pasi yakazima.

Nilimpelekea hedimasta, nikamwambia nimeikuta imetupwa nyuma ya stoo. Akasema, "Basi aliogopa akaitupa." Nikasema, "Pengine." Neno hilo moja. Ningeweza kusema jingine na sikusema.

Nilinunua kitambaa, nikashona gauni, nikaenda kwao kumwambia. Nikamkuta anatetemeka kwa malaria, nikampakia kwenye baiskeli. Alipopona nikaenda tena kumwambia. Kila nikifungua mdomo, mama yake ananishukuru. Nikaacha gauni juu ya kiti. Mwaka uliofuata nikaomba uhamisho.

Mwaka wa 1983 nilipata barua, imeandikwa kwa penseli: "Mwalimu, umezaliwa Kirangare. Ni msichana. Njoo umwone." Iko ndani ya Biblia yangu hadi leo. Sikuijibu. Kwa hivyo ndiyo, najua yupo. Nimejua miaka kumi na moja.

Sasa fanya hivi. Msomee Wambeti barua hii. Una sauti nzuri, nawe wanakupenda huko. Mimi mguu wangu hauwezi safari.

Shangazi yako,
Karwirwa

Kirangare, Ishiara.
6 Oktoba 1994

Shangazi,

Mama aniandikie mwenyewe kama ana habari. Leo sina salamu ndefu.

Barua yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Sitaisoma kwa mtu. Nimekaa nayo siku tatu, nikaingia darasani nikashindwa hata kuita majina ya rejista.

Unajua kinachoniuma zaidi? Nilikuambia sokoni wanamwita Wambeti wa Saa. Nilidhani ni sifa. Na mimi nikawa namwita hivyo, Shangazi, kila Jumamosi nikinunua ndengu, "Habari yako, Wambeti wa Saa!" Naye anaitika, ananiongezea kiganja cha ndengu juu. Miaka ishirini anaitikia jina hilo.

Nakupenda, na wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Lakini mguu uliokupeleka Maua mwezi wa Agosti unaweza kukufikisha Ishiara. Mtoto bado anawaambia wenzake utakuja tarehe 28.

Mimi nitakuwa Embu mjini kwenye kozi ya walimu tarehe 17 hadi 25, kwa hivyo ukiandika nitachelewa kujibu.

Mutugi

Nkubu.
24 Oktoba 1994

Mutugi,

Pokea salamu, na uwasalimu walimu wenzako kwa niaba yangu. Mama yako hajambo. Nakutumia barua hii Kirangare ili uikute ukitoka kwenye kozi, kabla hujaambiwa na watu wengine.

Nilikwenda. Nilichagua siku ambazo hupo, na wewe unajua kwa nini. Uso wako ndio ungenishinda.

Nilifika Alhamisi, ile sikukuu ya tarehe 20, saa tisa mchana. Wambeti alikuwa jikoni anapepeta ndengu. Aliniangalia, akaangalia ungo, akaendelea kupepeta hadi zikaisha. Kisha akanipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani tangu gari lilipopita Chuka, na yote yakapotea. Nikasema tu, "Wambeti, saa ilikuwa ndani ya koti langu."

Akasema, "Najua."

Nikadhani hakunielewa. Nikaanza kueleza mfuko, bitana, wembe. Akanikatiza. "Mwalimu, nilijua tangu siku ile ulipoleta gauni. Mtu hamletei mwizi gauni."

Mutugi, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nililia mpaka pua ikachuruzika. Yeye hakulia. Alinyanyuka akaenda kwenye sanduku, akarudi na lile gauni. Limekunjwa vilevile, pini zangu mbili zimeshika kola, zimefanya kutu. Hakulivaa hata mara moja. Alisema, "Nilisema nitalivaa siku utakayokuja kusema. Sasa nimenenepa." Akacheka, na mimi sikujua kama naruhusiwa kucheka.

Nikamuuliza lile swali lako. Kwa nini jina langu? Akaniangalia kama mtoto mzito wa kuelewa. "Mwenye jina lazima aje kumwona mtoto. Ningekuitaje tena? Barua ungechoma. Mtoto huwezi kumchoma." Kumbe hakunipa heshima niliyokuwa naihofia miaka yote hii. Aliniwekea mwaliko, nami nikauacha ukingoja.

Nikamwomba msamaha hapohapo, nimeshika ungo wake. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Asante. Lakini hukuniita mwizi hapa jikoni."

Basi Ijumaa asubuhi nikaenda kwa hedimasta wako. Alitaka kunipa chai ofisini tuzungumze, akasema mambo ya zamani ni ya zamani. Nikamwambia chai baadaye. Walipopandisha bendera na kuimba, nikasimama mbele. Wambeti alisimama palepale aliposimama mwaka ule, hatua tatu kutoka kwenye mlingoti, nguo zake za sokoni, mikono nyuma. Sikumwambia asimame pale. Alikwenda mwenyewe.

Nilisema, "Naitwa Mwalimu Karwirwa. Mwaka wa 1974, hapa, nilimwita mtoto mwizi, nikawafanya wenzake mia mbili na kumi wamwite hivyo. Hakuwa mwizi. Saa nilikuwa nayo mimi. Nilipoipata nilidanganya. Wambeti, nisamehe." Mzee Njiru alikuwa ameletwa na mtu, akavua kofia. Kuna mwalimu wako mmoja, yule mwenye miwani, aliinamisha kichwa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa darasa la pili mwaka ule na alipita kwenye mstari. Akamwendea Wambeti kabla sijaondoka pale mbele. Sikusikia alichosema.

Nimekumbuka nilichokuandikia mwezi wa sita, kwamba watakupanda kichwani. Kilichane.

Sasa jambo moja linanikalia vibaya. Mtoto. Alikuwa mstari wa tatu, alinitazama tangu mwanzo hadi mwisho, hakupepesa macho. Nilimletea kitana na daftari. Alivipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akarudi mstarini. Nilipoondoka hakuja kuniaga. Simlaumu. Alikuwa anangoja mwalimu, akaletewa mimi. Akitaka jina jingine, usimzuie. Mwandike lile la dada ya baba yake, wafurahi upande huo. Tarehe 28 sitakuja. Nisimsimamishe mtoto wa pili mbele ya watu.

Shangazi yako,
Karwirwa

Kirangare, Ishiara.
30 Oktoba 1994

Kwa Shangazi wangu,

Salamu kutoka kwa kila mtu, na safari hii ni kila mtu kweli. Hedimasta, mwalimu wa miwani, Mzee Njiru, hata Njiru wa mbuzi. Nimetoka kozi nikiwa na cheti na mafua. Mvua imeanza, na alama ya juu ya kitanda changu imekuwa kubwa kama mlango. Nimesogeza kitanda.

Jumamosi nilikwenda sokoni kununua ndengu. Nilisimama mbele ya Wambeti nisijue nimwite nani. Mwanamke wa kibanda cha pili akapaza sauti, "Wambeti wa Saa, una chenji?" Wambeti hakuitika. Yule akaita tena. Wambeti akachanganya ndengu zake tu. Mara ya tatu mwanamke akasema, "Mama Karwirwa, una chenji?" Akageuka, akampa.

Sasa nikuambie Siku ya Majina. Wazee walijaa hadi kwenye veranda. Mtoto wako alikuwa wa thelathini na moja kwenye rejista. Nilikuwa nimemwita kando Alhamisi, nikamwambia kama ulivyoagiza, kwamba anaweza kuandikwa jina jingine na hakuna atakayemkasirikia. Aliniuliza kama ni lazima ajibu siku hiyo. Nikasema hapana.

Ijumaa alikuja amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Shangazi, linamtosha kama ulimpima yeye. Mama yake amesugua kutu ya pini, imebaki doa dogo shingoni.

Akasimama. "Naitwa Karwirwa. Ni jina la mwalimu kutoka Meru." Mvulana mmoja wa nyuma, sitakutajia jina nisije nikamtukana babu yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Yule wa kuficha saa." Watu wakacheka kidogo, wengine wakaangalia chini. Nilishika chaki nikitafuta la kusema kama mwalimu.

Yeye hakuningoja. Aligeuka, akamtazama yule mvulana, akamuuliza taratibu kabisa, kama anayeuliza swali la hesabu, "Na wako, aliomba msamaha lini?"

Mvulana akajificha nyuma ya mwenzake. Nikawaangalia wazee kwenye veranda, mmoja baada ya mwingine, nao walikuwa wanaangaliana. Kisha Mzee Njiru akaanza kupiga makofi.

Jina la ubatizo nimeliacha kwenye rejista lilivyo. Kando yake nimeandika Karwirwa kwa wino.

Mbuzi hakuchinjwa. Wambeti anasema ni wako na atakungoja Desemba, lakini uharakishe, anakula sana. Mtoto anauliza kama unajua kushona gauni kubwa kidogo, maana hili ni la mama yake na amelirudisha sandukuni. Ukija, njoo siku ambayo nipo.

Mwanao,
Mutugi